Ndege wa Tatu

Wazee wa Shigela, kijana aliyetaka kumwoa mjukuu wangu Kemilembe, walikuwa waje kutoka Misungwi Jumamosi kuchukua jibu la posa, na mwenyewe alishaamua kukataa.

"Nikiolewa, hawa atawalea nani?"

Hawa ni wadogo zake, Precious wa kidato cha pili na Jovinary wa darasa la nne. Tangu mama yao afariki, mwaka wa saba huu, Kemilembe ndiye anayekaanga samaki wa kuuza hapa Igogo ili wasome. Mimi magoti yamenikatalia. Na sikumbishia, Mungu anisamehe. Nilipenda abaki.

Alhamisi tulikuwa ufukweni tunaparua sato. Mbele yetu, kwenye ukingo wa udongo, pana tundu la mdiria, yule ndege wa madoa meusi na meupe anayejitupa majini kuvua.

"Bibi, kuna mwizi," Precious akasema. "Ndege wa tatu anaingia kwa wenzake."

"Mwizi gani anaingia na dagaa mdomoni, anatoka mtupu?"

Akawaza kidogo. "Ahaa. Mwalimu wa baiolojia alitwambia. Huyo ni kifaranga wa mwaka jana. Anawalisha wadogo zake maana damu ni moja. Wakikua wao, ni kama amekua yeye."

"Mbona unaniangalia mimi?" Kemilembe akauliza. "Nina mabawa?"

"Na mwakani je?" nikauliza.

"Mwakani anatafuta mwenzi, anachimba tundu lake."

Kisu changu kikasimama.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Ametulisha sote, mwenyewe hajala."

Wakataja mwiko. Wakataja sufuria, wakataja ziwa.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Mkolani," Kemilembe akasema.

"Mkolani nimeishi, nimechoka nako."

"Igogo, basi."

"Igogo si ndipo ninapokaa? Nipe mwingine."

Akaona ninakokwenda. Akainamia samaki wake, magamba yakiruka. Precious akamgusa kwa kiwiko. "Mpe, dada. Kukaanga najua. Na Misungwi siyo Ulaya."

"Haya, Bibi," akasema taratibu. "Chukua Misungwi."

"Nilikwenda Misungwi, nikakuta nyumba mpya. Mwenye nyumba akanikaribisha, tukala, naye safari hii akashiba. Jina lake Kemilembe."

Akajifuta macho kwa mkono wenye magamba.

Jumamosi alikaanga Precious, na sato wawili wakaungua. Wazee wa Misungwi walikula vyote, hata hao walioungua, wakaondoka na ndiyo yao.