Waliosimama Katikati ya Uwanja

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Juni 1994, watu wa kijiji cha Nyanhelela walikuwa wamejigawa makundi mawili katika uwanja wa shule. Kundi kubwa lilikuwa upande wa mawe, dogo upande wa mikaratusi. Watu wapatao thelathini walikuwa wamebaki katikati.

Ilikuwa kura. Busenga, kitongoji cha Nyanhelela kilichoko ufukweni mwa Ghuba ya Speke, kilitaka kuwa kijiji chenyewe. Wilaya ingelipokea ombi hilo endapo tu mkutano mkuu wa kijiji kizima ungelikubali. Afisa tarafa, mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliamua watu wapige kura kwa kusimama: wanaokubali wasimame upande wa mawe, wanaokataa waende kwenye mikaratusi.

Aliyeanzisha hoja hiyo alikuwa Getruda, mwalimu wa siasa wa darasa la saba, aliyesomea ualimu Butimba. Sababu yake ilikuwa moja. Kampuni ya minofu ya sangara ya Mwanza ilikuwa imeomba ufuko wa Busenga ili iweke kituo cha kununulia samaki, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa halmashauri ya kijiji iliyokaa Nyanhelela juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Busenga ilikuwa na mjumbe mmoja katika halmashauri hiyo. Ufuko ukitolewa, watu wa Busenga wasingekuwa na mahali pa kuegesha mitumbwi, kuanika dagaa wala kunyweshea ng'ombe, na wasingekuwa wameulizwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mashimba, kaka wa mama yake Getruda. Wiki moja kabla ya kura, Getruda alikwenda kumwamkia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umekuja kwa pasipoti, au mpaka bado mmeuacha wazi?”

“Kwa leo uko wazi, mjomba.”

“Mnataka nchi yenu. Na wimbo wa taifa mmeshatunga?”

“Tunataka kijiji tu. Mwaka jana kuna nchi ya Ulaya imegawanyika ikawa mbili, na hakuna aliyerusha hata jiwe.”

“Basi hao si watu. Watu wanaogawana mali bila kugombana, umewaona wapi?”

“Redioni. Ila kuna jambo lao sikulipenda. Waliokubaliana ni viongozi. Wananchi hawakupigishwa kura. Sisi tutapiga.”

Mashimba alicheka. Kisha akamwambia, bila kucheka, kwamba akishindwa atakubali, lakini hatamsaidia kushinda.

“Na wale wa kuja?” aliuliza. “Wajita wako, Wajaluo, yule Yahaya wa duka? Nao wanatafuta kijiji katika nchi ya Wasukuma?”

“Mjomba, Tanganyika ilipopata uhuru haikuuliza mtu kabila lake ndipo impe uraia. Nafundisha hivyo kila mwaka. Siwezi kufundisha hivyo darasani, halafu nifanye vingine ufukweni.”

Jumamosi ile, afisa tarafa alihesabu upande wa mawe na kusema wanaokubali wameshinda kwa mbali. Watu wa Busenga walipiga vigelegele. Getruda hakupiga. Alikuwa amemwona Mzee Nkwabi kwenye mawe.

Nkwabi alikuwa ameipinga Busenga hadharani tangu Januari. Alikuwa na mashamba yake huko na alihofia kuyapoteza. Getruda alimwendea.

“Shikamoo, mzee. Kumbe umebadili mawazo?”

“Mawazo gani?”

“Hapa ni upande wa wanaokubali.”

“Hapa ni upande wa Wagika,” Nkwabi alisema. “Tangu baba yangu akiwa hai, uwanja huu Wagika tunasimama mawe, Wagalu wanasimama mikaratusi. Unataka nikasimame na Wagalu, wanicheke hadi Kisesa?”

Getruda alitazama tena makundi yote mawili. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa yule anayevuta watazamaji wengi. Katika Nyanhelela, Wagika walikuwa wengi kuliko Wagalu. Mama yake Getruda, Mgalu, mtu wa Busenga aliyeitaka Busenga kuliko wengi, alikuwa amesimama upande wa wanaokataa, ametulia kabisa.

Katikati ya uwanja Yahaya, mwenye duka la Busenga, alikuwa bado amesimama na wavuvi wa Kijita na wa Kijaluo.

“Nyie vipi?” afisa tarafa aliwauliza. “Hamna msimamo?”

“Msimamo tunao, mkubwa,” Yahaya alisema. “Tatizo hatuna ngoma. Nikienda kule nitaambiwa nimekuwa Mgika, na mke wa mteja wangu mkubwa ni Mgalu. Tuonyeshe pa kusimama.”

“Wasiojua pa kusimama hawana kijiji!” mtu mmoja alipiga kelele kutoka kwenye mikaratusi, na watu wakacheka.

Getruda alikwenda kwa afisa tarafa na kumwambia kura hiyo ifutwe.

“Mwalimu, umeshinda.”

“Wameshinda Wagika. Mimi sikuomba kura ya ngoma.”

Vijana wa Busenga walimzunguka. Mmoja alimwita msaliti. Hoja yao ilikuwa na uzito: halmashauri ingekaa Alhamisi kuamua ombi la kampuni, na kura ikifutwa ufuko ungeweza kwenda kabla ya kura nyingine. Getruda alilijua hilo. Aliwajibu kwamba kijiji kilichopatikana kwa makosa ya watu kama Nkwabi kingedaiwa na akina Nkwabi kila siku.

Mashimba, aliyekuwa ameshindwa dakika chache kabla, alisimama. Alisema halmashauri haitagusa suala la ufuko mpaka kura irudiwe, na kwamba kila mtu mzima anayeishi kijijini atapiga, akiwemo Yahaya.

“Na wewe mpwa wangu,” aliongeza, “safari hii nitakushinda vizuri.”

Alhamisi gari la kampuni lilifika. Mashimba aliwapa wageni maji ya kunywa, akawarudisha Mwanza.

Kura ya pili ilipigwa wiki mbili baadaye, darasani. Yahaya alitoa vizibo vya soda vya dukani kwake, vikapakwa rangi nyekundu ya mitumbwi ili mtu asilete vya kwake. Kila mpiga kura alipewa kimoja mlangoni, akapita peke yake nyuma ya ubao palipokuwa na mitungi miwili, mmoja umefungwa kitambaa cheupe kwa kukubali, mwingine cheusi kwa kukataa. Mzee Nkwabi alikaa nyuma ya ubao muda mrefu kuliko wote. Alipotoka aliulizwa ametumbukiza wapi.

“Huko ndani hakuna Wagika,” alijibu.

Vizibo vilimwagwa mezani mbele ya watu wote. Waliokubali walikuwa 402, waliokataa 371. Mashimba aliomba vihesabiwe tena. Vilipohesabiwa, jibu likawa lilelile, akampa Getruda mkono.

Busenga iliandikishwa kuwa kijiji Machi 1995. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika ufukweni mwezi uliofuata. Wakazi waliamua kampuni ipewe sehemu ya mashariki kwa mkataba wa mwaka mmoja, na sehemu nyingine ya ufuko ibaki yao. Yahaya alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa halmashauri.

Mashimba alihudhuria, akakaa benchi la nyuma. Mwishoni Getruda, aliyeendesha mkutano, alimwuliza kama ana neno la kuwaambia.

“Mimi si mkazi wa hapa,” Mashimba alisema, na hakusimama.