Kiti Alichopewa Lutengano

Mume wangu Lutengano alirudi kutoka migodi ya Joni, huko Afrika Kusini, mwaka 1956 na suti ya kijivu, kofia ya pama, viatu vya rangi mbili na kioo kidogo cha mfukoni. Mimi aliniletea kitambaa cha gauni. Binti yetu Sekela, aliyezaliwa baba yake akiwa huko huko, hakuletewa kitu. Alisema mizigo ilikuwa mizito. Mizigo ya nani, sikuuliza.

Kwetu Rungwe, mwanamume alijulikana kwa jembe. Matuta ni kazi yake, na kijana akija kuposa hatazamwi uso, hutazamwa viganja. Lutengano niliyeolewa naye alimlimia baba yangu misimu miwili, hata baba akamwita mwanawe. Huyu aliyerudi alijipaka mafuta mikononi asubuhi na jioni. Alipasua njia katika nywele kwa wembe, akajitazama kiooni, akachana tena. Nilipomwambia msimu unatupita, alinijibu kwamba mwanamume wa siku hizi ni mavazi, jembe waachiwe washamba. Basi nikapanda shambani mwenyewe kulima matuta. Majirani wakipita waligeuza nyuso kwa aibu, naye yuko barazani anapiga viatu rangi.

Nilikuwa nampenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi Machi baba yangu, mzee Eliezeri, akafariki. Kaburi la mzee kwetu huanzwa na mume wa binti yake. Awe karani, awe mwalimu, atavua koti apige jembe la kwanza, ndipo wengine waingie. Binti nilikuwa mimi peke yangu.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Lutengano alifika na suti yake, akichagua pa kukanyaga. Mchungaji alipomaliza sala, baba mdogo Saulo alisimama migombani, mahali pa kaburi, ameshika jembe, na watu wote wakamgeukia mume wangu. Yeye akatazama udongo, akatazama viatu, akainama kufuta kimoja kwa leso. Tukangoja. Maiti ndani, sisi nje tunalowa.

Baba mdogo akawanong'oneza akina mama jambo, wakatoa kiti ndani ya nyumba.

"Karibu kiti, bwana," akamwambia.

Hakumwita mkwe. Wazee wote walisikia, nami nilisikia. Bibi alikuwa amenieleza zamani: mgeni hupewa kiti, mkwe hupewa jembe. Mkwe akikikalia hicho kiti, ukoo umekwisha kumtoa. Akikikataa na kuomba jembe, amesamehewa na hakuna atakayelitaja tena. Lutengano hakuyajua hayo, maana katika umri wake hapakuwa na mkwe aliyewahi kukosa. Alidhani suti imemletea heshima.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kumwambia usikae. Lakini nilimkumbuka barazani na viatu vyake, nikazikumbuka nyuso za majirani zilizogeuzwa, nikanyamaza. Nilitaka aaibike.

Alikifuta kiti kwa leso, akakaa, akakunja nne, akashukuru kwa Kiingereza. Baba mdogo, na goti lake bovu, akapiga jembe la kwanza.

Matanga yalipoisha, Lutengano alikuja kunichukua. Alikuta ng'ombe wake wa mahari wamefungwa uani, wote isipokuwa mmoja. Akauliza kosa lake ni nini.

"Tulikupa kiti, ukakaa," baba mdogo akamjibu.

Ilibidi aelezwe mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Tusajigwe, ulijua?"

"Nilijua."

Nilisubiri anitukane, lakini alivua kofia tu. Kisha akauliza yule ng'ombe mmoja amebaki kwa nini. Baba mdogo akasema amebaki kwa ajili ya mtoto. Mahari ikirudi, mtoto hufuata ukoo wa baba yake, na ng'ombe mmoja huachwa kwa tumbo lililomzaa. Alilisema taratibu, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Nami nililijua. Siku ile ya kaburi hasira ilikuwa imelifunika.

Nikasema mtoto hamjui baba yake vizuri. Nikasema atalia njiani. Nikampigia baba mdogo magoti, naye akaniambia desturi ni moja, haikatwi vipande.

Sekela alikuwa akicheza kwenye dimbwi karibu na zizi, matope mpaka mapajani. Lutengano alimwendea. Nilijua atamwambia anawe kwanza, au atembee mbali na suruali yake. Akachuchumaa, akamwambia neno ambalo sikulisikia, akamnyanyua vile vile alivyo. Matope yakampaka koti hadi kifuani, wala hakuangalia chini.

Kumbe aliweza. Neno moja tu lingetosha siku ile kaburini, na nilikuwa nalo mdomoni.