Jina Lililoingia na Maji

Mjukuu wangu ana jina lake zuri kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini hapa uani hakuna anayelikumbuka. Wote wanamwita Disasta. Muuza mkaa humwita hivyo, fundi cherehani humwita hivyo, hata mama yake akimtafuta saa ya kuoga hupaza sauti hiyohiyo, na mtoto huitika bila kinyongo.

Jina lilianza hivi. Wiki ile aliyozaliwa mvua haikukata. Mtaro wa nyuma ukazidiwa, maji yakaingia ndani. Binti yangu akashikwa na uchungu humohumo, gari halipiti, tukamwita nesi mstaafu anayekaa chumba cha mwisho. Tukampandisha mzazi juu ya meza ya kulia chakula, kwa kuwa kitanda kilishaanza kulowa. Asubuhi mtoto akatoka salama, sauti kama tarumbeta. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mzito wa masikio, alikuwa amejikunja juu ya sanduku la nguo, kazi yake kuuliza tu tumwite nani, maana mtoto hawezi kukaa hivihivi.

Hapo ndipo mwanangu wa kiume, mjomba wa mtoto, akafika. Yeye ni fundi wa friji. Amekunja suruali mpaka magotini, akasimama mlangoni, akaona dari imeporomoka, magodoro yanaelea, sufuria zinazunguka chumbani kama bata. Akasema kwa kile Kiingereza chake cha kazini, "Disasta."

Dada yangu akalidaka. Jina zuri, akasema, tena linatamkika. Tulicheka mpaka mzazi akatuomba tuache, maana na yeye alikuwa anacheka na kucheka kulimuuma. Maji yakakauka, jina lisikauke.

Mtoto akakua nalo, akafika darasa la tatu. Siku moja mwalimu wa Kiingereza akawafungulia somo lenye picha: nyumba zimelala chini, watu wako juu ya mapaa, ng'ombe anachukuliwa na maji. Juu ya picha kuna neno kwa herufi kubwa. Mwalimu alipolisoma, darasa zima likageuka kumtazama mjukuu wangu. Mwalimu wa watu hakujua kisa. Akaendelea kueleza kwamba maana yake ni maafa, tukio kubwa linaloua watu na kuharibu mali, wala si neno la kuchezea. Mmoja wa nyuma akasema, basi tuhame dawati.

Haya nilielezwa baadaye na fundi cherehani, ambaye binti yake yuko darasa hilo. Mjukuu wangu mwenyewe alirudi, akavua viatu, akakaa kizingitini bila kuuliza kilichopikwa. Nikajua kuna jambo, maana huyu kwenye chakula hana subira. Lakini sikumvuta maneno.

Wiki hiyohiyo mama yake akatoka hospitali na mtoto mchanga wa kiume. Jamani, huyu binti alivyokuwa amemsubiri mdogo wake! Alifua vitambaa vilivyokuwa safi, akatangaza uani kwamba wa kwanza kumpakata ni yeye na asitokee wa kumtangulia. Sasa mtoto kaja, yeye anasimama mlangoni, mikono nyuma. Mama yake akimwita, anakwenda kuchota maji. Akiitwa tena, kichwa kinamuuma. Jioni akahamishia shuka lake chumbani kwangu. Mama yake akadhani ni wivu, akanong'ona kwamba utapita. Mimi wivu naujua. Wivu hauchungulii dirishani kuona kama mtoto anapumua.

Kesho yake nilikuwa nachambua mchele, akaja akakaa karibu nami, naye akaanza kuchambua. Tukachambua. Mwisho akauliza, macho kwenye ungo:

"Bibi, nikimshika atakufa?"

Nikauweka ungo chini. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayesoma. Siku niliyozaliwa mimi, akasema, nyumba iliharibika. Kitabu kinasema neno hilo huua watu. Nikamwambia siku ile hakufa mtu, hata kuku wa jirani walipona wote. Akafikiri.

"Basi bado," akasema.

Shule yangu iliishia madarasa ya chini, na Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu ya asubuhi. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa kijana wa duka la dawa, msomi wa mtaa wetu. Akanipa habari njema. Neno hilo siku hizi limepungua uzito, akasema. Watu hulitumia kwa chai isiyo na sukari, hulitumia kwa foleni. Yeye mwenyewe jana kinyozi alimfanyia disasta. Akavua kofia nione. Kwa kweli, alikuwa na haki ya kulitumia.

Nikarudi na habari hiyo kama nimebeba dawa. Mjukuu wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kwa hiyo mimi ni nywele zilizokatwa vibaya."

Nikaona yamenishinda, aitwe mwenye neno. Nikampigia mwanangu simu, akaja na kisanduku cha vifaa akidhani friji imekufa. Nikawakalisha wote wawili kwenye benchi la uani. Akaanza na mizaha yake, eti kwao kazini disasta ni mteja anayeweka sufuria ya moto ndani ya friji, halafu anauliza kwa nini haigandishi. Mtoto hata tabasamu hakutoa. Akamgeukia.

"Mjomba, uliniona mimi ndiyo ukasema?"

Mwanangu akaacha mizaha. Naona siku zote hizo hakuwahi kujua kwamba neno lake lilikuwa linasubiri majibu.

"Sikukuona," akasema. "Meza ilikuwa nyuma ya mlango. Nilisema nilipoona dari."

"Na uliponiona ulisemaje?"

"Sikusema kitu."

Mtoto akanitazama mimi. Anamjua mjomba wake; huyo huongea hata na friji akiitengeneza. Nikamwambia ni kweli. Tulihitaji mikono ya kumshusha mama yako, tukampa mjomba akushike wewe. Akasimama nawe katikati ya maji, amekuinua hapa, nikamwonyesha juu ya kifua. Nesi akamwambia akupokeze mtu mwingine apumzike, akatikisa kichwa tu. Nilidhani kapigwa na ububu. Alikaa hivyo mpaka maji yakashuka.

Mjomba alikuwa ameinama, anafungua na kufunga kisanduku chake.

"Kwa hiyo disasta ni maji," mtoto akasema.

"Ni maji, mama."

"Na dari."

"Na dari. Na mwenye nyumba aliyekataa kuzibua mtaro. Huyo muweke mbele."

Hakucheka, lakini aliinuka. Akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudia tena. Akaingia chumbani kwa mama yake. Sisi wawili tukamfuata, kila mtu akijifanya kuna kitu anatafuta.

Binti yangu hakuuliza lolote. Alimwambia tu akae aegemee ukuta, akamwekea mtoto mapajani, akamwonyesha namna ya kushika shingo. Akamshika, mikono imekakamaa kama amebebeshwa trei ya mayai. Kichanga akapiga mwayo. Akajinyoosha, akawa mwekundu, na mara tukaona sketi ya shule inalowa, maji ya moto yanashuka mpaka mkekani.

Mama yake akanyoosha mkono amchukue. Nikamzuia.

Dada mtu akaitazama sketi, akamtazama mdogo wake, akamtazama mjomba, ambaye siku hiyo hakuthubutu kutoa neno la lugha yoyote.

"Kanikojolea," akasema. Kisha akamsogeza kifuani zaidi, mkono ukiwa palepale shingoni. "Mama, usimchukue. Nipe tu kitambaa kingine."