Nani Alichukua Sauti ya Binti wa Radi?

Watoto walimwita Bi Mazimwi, na jina hilo likamganda hata wakubwa wakalisahau lake la kweli. Kabla ya hapo alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi yake kuwinda nukta zilizopotea katika vitabu vya watu wengine. Aliifanya miaka tisa. Siku moja akaletewa mkusanyiko wa visasili, zile hadithi za kale za miungu na mazimwi, ulioandikwa kwa ajili ya watoto. Akausahihisha wote, akarudi nyumbani na kumwambia mama yake, "Makosa ya herufi nimeyatoa. Usingizi uliomo humo ndio umenishinda kuutoa."

Basi akaanza kuandika vyake. Katika kitabu cha kwanza, zimwi lililomeza mwezi lilipewa nafasi ya kujieleza: kumbe lilikuwa linauficha usiibiwe. Katika cha tatu, nyoka aliyeizunguka dunia alikuwa bibi kizee mwenye mgongo mbovu, na kila alipojigeuza kitandani ardhi ilitetemeka. Watoto walivunjika mbavu. Wakubwa ndio waliompa tabu. Kitabu cha kwanza kilikataliwa na wachapishaji wanne kwa sababu kinatisha. Cha pili kilikataliwa na wawili kwa sababu hakitishi. Hata hivyo alijikaza, na katika miaka kumi na miwili akatoa vitabu saba.

Cha nane kilitoka kwa mama yake mwenyewe, ambaye waliishi naye nyumba moja pamoja na dada mkubwa na binti wa dada huyo. Hadithi yenyewe mama alimsimulia zamani, mvua ikinyesha. Radi alikuwa na binti mwenye sauti kubwa kuliko yake. Baba akaona wivu, akamnyang'anya sauti na kuifungia ndani ya mlima. Tangu hapo binti amekuwa umeme: tunamwona akipita lakini hatumsikii. Tunayemsikia ni baba.

Mama aliishia hapo. Bi Mazimwi hakukubali kuishia hapo. Katika kitabu chake binti anapenya mlimani, anaitoa sauti yake na kukimbia nayo ameibana kifuani, hataki kuifungua mpaka afike mahali ambapo hakuna wa kumnyang'anya tena. Ndiyo maana umeme hutangulia, na radi hufika amechelewa, anahema na kufoka.

Alimsomea mama yake sebuleni. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapo umeongopa. Hakuipata."

"Mama, hiki kitasomwa na watoto."

"Na mimi nilipokusimulia, wewe ulikuwa nani? Mzee mwenzangu?"

Bi Mazimwi aliacha mwisho wake kama ulivyo, akautuma mswada kwa mchapishaji, akasaini mkataba ulipoletwa, akangoja.

Miezi minane baadaye lilifika boksi la nakala kumi na mbili. Binti wa dada yake, mwenye miaka kumi, ndiye aliyelikata kwa kisu cha jikoni. "Mama mdogo, mbona Radi anacheka?"

Kweli, juu ya jalada Radi alikuwa mnene, mwenye mashavu mekundu, anacheka kama mtu aliyeshiba. Bi Mazimwi akajiambia mchoraji ana mambo yake. Akafungua ndani. Ukurasa wa sita ulisema kwamba siku moja ulivuma upepo mkali, ukaipeperusha sauti ya binti mpaka mlimani. Akarudia kusoma. Upepo. Ukurasa wa kumi na tisa, baba na binti walipanda mlima wakiwa wameshikana mikono. Ukurasa wa mwisho walikumbatiana, wakaimba.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Mori ulimpanda mpaka masikio yakapata moto. Katika ile miaka tisa ya kiwandani aliwahi kurudisha kitabu kizima kwa sababu ya mkato mmoja, na sasa jina lake lilikuwa juu ya upepo ambao hakuuandika.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini kwa mchapishaji, ghorofa ya tatu, katika chumba cha mikutano chenye meza kubwa kuliko mahitaji. Mhariri alikuwa mpya, binti wa miaka ishirini na kitu, aliyeinuka na kumpokea kwa mikono miwili.

"Dada, siamini. Mimi nimekua na vitabu vyako! Yule nyoka wa mgongo, nilimpenda mno."

"Ahsante, mdogo wangu. Nani aliuleta upepo?"

Mhariri akaketi. "Ni mimi. Lakini si kwa ubaya. Kitabu kimepitishwa kuwa cha kiada, kinaingia madarasani. Na baba anayemwibia mwanawe... wazazi wangelalamika. Kamati ya vitabu vya shule ingekirudisha."

"Kwa hiyo wazazi hawawanyang'anyi watoto kitu?"

"Katika kitabu cha darasa la nne, hapana."

"Ungeniuliza."

"Mkataba unaturuhusu kurekebisha maudhui kwa mahitaji ya shule. Kipengele cha kumi na moja." Aliusogeza mkataba mbele ya Bi Mazimwi taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Bi Mazimwi akaukodolea macho. Kipengele kilikuwa pale, kwa herufi za kawaida kabisa, wala hazikuwa ndogo. Yeye aliyelipwa miaka tisa kusoma kila neno alikuwa amesaini bila kusoma, kwa furaha tu.

"Basi chapeni toleo la pili, mrudishe kilicho changu."

"Nakala zimeshasambazwa, dada." Mhariri akasita, kisha akasema kwa upole, jambo lililouma zaidi kuliko kama angefoka, "Na samahani kusema, hata wewe uliibadilisha. Hadithi ya asili nimeisikia. Binti haipati sauti."

Bi Mazimwi alishika mkoba wake, akaaga, akateremka ngazi. Jibu lilimjia akiwa ameshafika chini: kwamba yeye alibadilisha mwisho lakini hakumficha mwizi. Alisimama pale mlangoni akifikiria kupanda tena. Walinzi wawili wakamtazama. Akaenda zake.

Aliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani, ya pili ikajibiwa kwa shukrani zile zile, neno kwa neno, na ya tatu haikujibiwa. Dada yake akamwambia, "Mdogo wangu, kitabu chako kiko shule zote. Watu wanalia wapate hivyo, wewe unalia umepata."

"Kilichoko shule zote si changu."

"Jina ni lako."

"Ndicho kinachoniuma hicho."

Muhula ulipokaribia kwisha, binti wa dada alirudi nyumbani na karatasi ya jaribio la ufahamu aliyoikunjakunja mpaka ikawa kama kokwa. Alikuwa amepata tisa kwa kumi. Swali la nne liliuliza: Nani alichukua sauti ya binti wa Radi? Alikuwa ameandika: Baba yake. Juu yake mwalimu alikuwa amepiga mkasi mwekundu wa kosa na kuandika: Upepo.

"Nilimwambia mwalimu mama mdogo wangu ndiye aliyeandika," mtoto akasema, machozi yanamlengalenga. "Darasa zima likacheka."

Hapo Bi Mazimwi hakungoja kesho. Alimkuta mwalimu darasani anafuta ubao, mwanamke wa makamo, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akakifungua kitabu ukurasa wa sita na kuuwekea kidole.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini nafundisha kilichochapwa. Nikimpa huyu alama, wengine hamsini wataniuliza kwa nini."

"Basi niache niwasimulie wote. Wajue."

Mwalimu akafikiri. "Ijumaa, kipindi cha mwisho. Nusu saa."

Ijumaa ile aliwasimulia bila kitabu. Aliwapa wivu wa baba, mkono wake ukiingia kooni mwa binti na kutoka na sauti, mlima ukifungwa. Wengine waliziba masikio na kuendelea kusikiliza kati ya vidole. Alipofika mwisho aliwaambia kwamba bibi wa mtoto mmoja humu ndani anasimulia binti hakuipata kamwe, na yeye anasimulia aliipata. Wakaanza kubishana, nusu wakiwa upande wa bibi. Msichana mmoja akasimama juu ya kiti akapiga kelele kwamba kama ni yeye angemrudia baba amnyang'anye ya kwake. Kwa dakika kumi Bi Mazimwi alisahau barua zote.

Ndipo mkono mmoja ukanyooshwa dawati la mbele. "Mwalimu anasema swali hili litarudi kwenye mtihani wa mwisho. Tuandike nini?"

Mwalimu, nyuma kabisa, akainamisha macho akajifanya anapanga madaftari. Nyuso hamsini na moja zilimwelekea, kalamu zimeshashikwa. Bi Mazimwi akawatazama. Mtihani ule ndio uliokuwa unaamua nani anapanda darasa.

"Andikeni upepo," akasema.

Wakaandika. Alizisikia kalamu.

Njiani kurudi nyumbani binti wa dada alitembea hatua mbili mbele, mkoba unamgongagonga mgongoni. Bi Mazimwi alimwita mara mbili, hakugeuka. Walipofika kwenye makutano ya barabara, mtoto akasimama mwenyewe kungoja magari.

"Mimi sitaandika upepo," akasema, macho yake barabarani.

"Utakosa alama."

"Najua."

Bi Mazimwi alitaka kumkataza, kwa sababu ndivyo dada yake angetaka, na kwa sababu alama ni alama. Badala yake, magari yalipopungua, akamshika mkono, wakavuka.