Moto wa Bhoke Ndani ya Injini

Siku ya Jumatano, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, Rubeni aliegesha lori la kuhamishia watu kwenye vijiji vipya mbele ya gereji ya Bomani, akazima swichi, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Injini ikaendelea kunguruma. Ilikuwa hivyo tangu Jumatatu, na dereva huyo alikuwa amechoka kuongea kwa kupiga kelele.

"Kaboni hiyo," alisema fundi Kisyeri bila hata kuinama. "Masizi yamegandia kwenye silinda, yanabaki mekundu, yanawasha petroli hata ukizima. Jambo dogo."

Akachomoa betri. Injini ikanguruma. Akachomoa plagi zote, akazipanga juu ya gunia. Ikanguruma. Akaziba kabureta kwa kitambaa, akamwaga petroli yote kwenye debe, akakaa juu ya tairi kuu kuu kungoja. Ilipofika saa kumi ilikuwa bado inanguruma, tena kwa raha zake, na Kisyeri, ambaye hajawahi kushindwa na gari Tarime nzima, akaanza kuona aibu.

"Haya, tuifungue hivyo hivyo," alisema.

Akalegeza bolti, akanyanyua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini. Pistoni zikaendelea kupanda na kushuka. Ndani ya silinda ya kwanza hapakuwa na masizi. Palikuwa na kaa la moto, kaa la kuni, lenye jivu laini pembeni, na harufu ya uji wa ulezi ikajaa gereji. Kisyeri alivua kofia. Alijikuta ameshusha sauti, kama mtu aliyepita mlango wa nyumba ya wenyewe.

"Huu ni moto wa jikoni," alisema. "Jumatatu mlimhamisha nani?"

"Mama mmoja, Bhoke, kule Gorong'a. Aliomba achukue moto kwanza. Mgambo wakasema hakuna muda, wakamwaga ndoo ya maji kwenye mafiga."

Kisyeri hakuhitaji zaidi. Kwao, mama anayehama hubeba kaa kutoka mafiga ya zamani juu ya kigae cha chungu, na hicho ndicho kitu cha kwanza kuingia nyumba mpya. Moto wa Bhoke aliupokea kwa mama mkwe wake, naye aliupokea kwa mkwewe. Ukimwagiwa maji kabla haujabebwa, moto wa namna hiyo hutafuta pa kukaa, na lori ndilo lililokuwa karibu.

Asubuhi yake Bhoke mwenyewe akafika kwa miguu, kigae mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeusikia tangu kule kijijini. Nipe moto wangu."

Akainama, akaliokota kaa kwa vidole vitupu, akaliweka kwenye kigae. Injini ikazima. Pakawa kimya mpaka wakasikia kuku wa jirani wakiparua.

"Na nyumba yangu?" Bhoke alimuuliza dereva.

"Ilishabomolewa, mama."

"Najua. Nilitaka uniambie wewe." Akaondoka taratibu, akiukinga moto wake na upepo.

Kisyeri akarudisha kila kitu mahali pake. Lori likawaka mara moja, likazima mara moja. Rubeni akatoa karatasi ya kazi ya Ijumaa, akamwonyesha. Jina la kwanza lilikuwa Agustina, mama yake Kisyeri.

"Waambie wamwache achukue moto kwanza," alisema Kisyeri. "Nakuomba, Rubeni."

"Nitawaambia. Haki ya Mungu."

Ijumaa alasiri lori likarudi. Rubeni akazima swichi, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, halafu akabaki kwenye usukani bila kushuka, maana injini ilikuwa inanguruma.

"Niliwaambia," alisema.

Kisyeri akachukua spana. Hedi iliponyanyuka, harufu ya viazi vitamu vya kuchoma ikampiga usoni, vile vile vya utoto wake, na machozi yakamtoka. Akaubeba mtungi wa maji ya kunywa, akaupasua juu ya jiwe, akachagua kigae kipana kwa ajili ya mama yake.

"Zimebaki kaya ngapi?" aliuliza.

"Arobaini. Kesho tunaanza saa kumi na mbili asubuhi."

Vigae vingine Kisyeri hakuvitupa. Alivifuta kimoja kimoja, akavipanga kwenye rafu ya vipuri, kando ya plagi na gasketi.