Sinia Mbili

Kitu cha kwanza alichokiona Kanze ni kikombe. Kilikuwa cha bati, kipya, cheupe chenye ukingo wa buluu, kimetundikwa kwenye msumari wa jikoni kando ya chake. Katika nyumba ile ya kichochoroni, nyuma ya Ndia Kuu, mtumishi hakunywea vyombo vya wenyewe. Kikombe cha pili maana yake ni mtu wa pili.

"Cha nani, bibi?"

"Cha mdogo wako, Kadzo." Bi Mwanakuu alikuwa akichagua mchele, hakuinua uso. "Swafia akiolewa mwezi ujao ahamia Kizingo. Bibi harusi wa nyumba hii haendi mikono mitupu. Mimi nilikuja na mtumishi wangu, mamangu alikuja na wake."

"Kadzo yuko darasa la nne, bibi."

"Na atasoma. Huko huko."

Kanze naye aliambiwa hivyo hivyo, mwaka ule wa njaa babake alipomtoa Kaloleni akiwa darasa la tano. Miaka minane sasa. Daftari alilokuja nalo liliishia kuwashia makaa.

Adhuhuri walikula kama kawaida yao, sinia moja, mama na wanawe wawili. Kanze alisimama mlangoni na birika la kunawia. Mselem, karani wa bandarini Kilindini, alisita na tonge mkononi.

"Mama, hilo la Kadzo siafiki. Aliyepo yupo. Lakini kumtoa mtoto skuli, kuanzisha mwengine katika nyumba mpya? Huo ni utumwa."

"Utumwa!" Swafia alicheka. "Na kanzu yako hiyo, nyeupe kama yai, yajifua yenyewe? Wewe wapigiwa pasi hata soksi, mimi nikafe na moshi Kizingo?"

"Kanze ni mambo ya zamani. Mimi nasema ya sasa."

"Basi wewe una haki ambayo mimi sina. Mimi si mtoto wa nyumba hii?"

"Utaniaibisha kwa wakwe, Mselem," mama alisema. "Nyamaza ule."

Hakula. Alinawa, akapanda juu. Tangu siku hiyo zikawa sinia mbili, moja ya Mselem ghorofani, moja ya mama na binti chini. Mashangazi waliokuja kushona nguo za harusi walikula chini. Wajomba walipanda juu. Salamu zilipita kwa mtumishi. "Kanze wee!" kutoka juu. "Kanze!" kutoka chini. Labeka, labeka. Ugomvi ulikuwa wao, ngazi zilikuwa zake. Vyombo vya kuosha viliongezeka maradufu.

Wiki ya pili Mselem alimwita ukumbini, mbele ya wote.

"Sema wewe, Kanze. Usiogope. Kadzo aje, asije?"

Bi Mwanakuu alimtazama. Swafia alimtazama.

"Mutakavyoona nyinyi, bwana."

"Si hivyo? Hana neno," mama alisema, kisha akalainisha sauti. "Haya, mwanangu, tusivunje nyumba. Kizingo hakutatiwa mtoto. Kanze mtu mzima, ataandamana na Swafia. Kadzo atakaa hapa, mahali pa Kanze."

Mselem alifikiri kidogo. "Hapo sawa," alisema.

Mchana huo walikula sinia moja, wakicheka.

Siku tatu baada ya harusi, Ngowa, baba yao, alimleta Kadzo, akanywa chai barazani, akaondoka. Mtoto alikuwa bado amevaa sare ya shule. Alipewa ufagio, akaanza kufagia ukumbi, vumbi likimrukia miguuni. Gari la Swafia lilikuwa likingoja nje. Mselem alimsindikiza Kanze hadi mlangoni, uso umemchangamka.

"Umeona? Nimewatetea. Hapa atakuwa mbele ya macho yangu. Hata ahsante huna?"

Kanze alihamisha furushi lake mkono wa pili. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Wiki mbili mumegombana, bwana," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyesema mimi nirudi kwetu."