Barua Kumi na Moja za Sanduku la Tisa

Maktabani walimwita Bi Taratibu, kwa sababu alifunua ukurasa kama mtu anayemvua shuka mtoto bila kumwamsha. Lakini utaratibu huo uliishia mikononi, mdomoni haukufika.

Miaka mitatu alishinda na barua mia sita na kumi na moja za kampuni iliyokuwa ikinunua pamba zama za ukoloni. Zilikuwa zimetupwa darini kwenye ghala: mchwa wamekula pembe, pini zimeshika kutu, wino umetoboa karatasi. Alizipiga brashi moja moja, akaziba matundu kwa karatasi nyepesi na gundi ya unga wa ngano, akazitafsiri, akazipa namba. Warithi wa kampuni, walioikabidhi maktaba barua hizo kwa maandishi ili zisomwe na watu wote, walitaka sasa kitabu cha kusherehekea miaka mia.

Nakala ya kusahihisha ilipotoka, mkurugenzi wa kampuni alikuja mwenyewe na kalamu nyekundu. Akakata barua kumi na moja, zote za msimu mmoja. Msimu huo wakulima walikataa kuuza pamba kwa bei ya kampuni, na wakala akaripoti: "Tumefukia visima sita. Mwezi hautaandama kabla hawajaleta pamba. Cha saba tumekiacha, maana ndicho tunachonywea sisi."

"Kitabu cha sherehe hakibebi misiba," alisema mkurugenzi. "Hizi zitoke, namba zipangwe upya."

"Haiwezekani."

"Mama, mwandiko huu unaujua ni wa nani?"

"Naujua. Wakala alitamka, babu yangu mzaa baba akaandika. Alikuwa karani wake."

Mkurugenzi akatabasamu. "Basi tusaidiane. Nafunika yangu, unafunika yako."

"Bwana, miaka mitatu nimekaa hapa nikifunua. Kufunika sikusomea."

Mkuu wa maktaba, mtu mwema lakini mwenye moyo wa kuku, alimfuata ukumbini. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," alimnong'oneza.

"Busu wewe, mkuu. Midomo yangu ina kazi."

Habari zilimtangulia nyumbani. Shangazi yake, binti wa mwisho wa yule karani, ndiye aliyemlea. Bi Taratibu alimkuta sebuleni anakunja nguo kwa hasira, kila shati analipiga kofi.

"Unataka kumfukua baba yangu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba isiyo na maana! Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe ni sisi, shangazi. Atapita aende wapi?"

Shangazi akaacha kukunja. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Baba hakukubali kuchimbiwa kisima uani. Fundi alikuja mara mbili, akamfukuza. Tukateka maji mbali hadi mgongo wangu ukapinda. Nikadhani ni ubahili." Akalivuta shati jingine. "Fanya utakavyo. Ila jina lake uliandike kamili, usilikosee."

Barua zilitolewa, hilo hakuweza kulizuia. Lakini idhini ya mwisho ya kuchapa ilikuwa sahihi yake, na mpiga chapa alimpigia simu.

"Dada, namba zinaruka. Kutoka mia mbili kumi na moja naangukia mia mbili ishirini na tatu. Nirekebishe?"

"Usiguse. Jino wameng'oa wao, pengo nalilinda mimi. Na chini ya ukurasa kuna maelezo, umeyaona?"

"Nimeyaona," mpiga chapa akacheka. "Ndiyo maana nimepiga simu."

Maelezo yalisema hivi: "Barua namba 212 hadi 222 zimeondolewa kwa amri ya kampuni. Zipo chumba cha kusomea, sanduku la tisa." Likafuata jina kamili la karani aliyeziandika, na maneno, "babu wa mhariri. Anayezitaka aje."

Vitabu viligawiwa kwenye sherehe kabla mtu wa kampuni hajafungua ukurasa huo. Mkurugenzi alipiga simu akifoka. Bi Taratibu akahamishiwa dawati la kuazimisha vitabu vya watoto. Sanduku hakuna aliyethubutu kulifunga. Makubaliano ya kukabidhi barua yalikuwa na sahihi ya kampuni yenyewe. Watu wakaanza kuja, wawili, kisha watano kwa siku.

Wiki ya nne alikuja mwalimu wa hesabu ambaye bibi yake alizaliwa kwenye mashamba yale ya pamba. Hakumsalimu kwa uchangamfu.

"Wewe ndiye mjukuu wa karani?"

"Ndimi."

"Basi nisomee wewe. Kwa sauti."

Bi Taratibu aliacha dawati lake, akalitoa sanduku, akaifungua barua ya kwanza. Mkuu wa maktaba alitoka ofisini mbio. "Hapa watu husoma kimya," alisema.

"Kimya kilishasomwa cha kutosha, mkuu."

Akasimama, akasoma huku akitafsiri, kisima kwa kisima, na jina la mwenye kila kisima. Vichwa viliinuka mezani. Mkuu alibaki amesimama, mkono hewani, asijue auweke wapi. Kwenye kisima cha sita aliinua uso, akamtazama mwalimu. Mwalimu hakumpa pole. Alisubiri tu, macho makavu. Bi Taratibu akairudia barua, akaisoma hadi nukta ya mwisho, kisha akafungua ya pili.